Hamasa Huisha: Kinachomfanya Mtu Aendelee Kula Vyakula vya Asili na Kufanya Mazoezi

Kila Januari vikundi vya jogging vya Dar es Salaam hupata wanachama wapya. Alfajiri utawasikia wakipita mtaani wakiimba, fulana za rangi moja, viatu bado vyeupe. Mvua za masika zikianza, safu zimepungua. Jikoni nako ni vivyo hivyo: dona lililonunuliwa kwa shauku limeingia wadudu kwenye ndoo, karoti zimenyauka kwenye friji, na mezani umerudi mkate mweupe, soseji na soda. Mwenyewe akijiuliza kilichotokea, jibu la kwanza ni kujilaumu: sina nia, ni mvivu, sikuumbiwa mambo haya.

Nalikataa jibu hilo. Mtu huyo huyo anayedai hana nia, mwezi wa Ramadhani ukiandama hufunga siku 29 au 30 mfululizo. Anaamka usiku kula daku, anakaa na kiu kwenye joto la pwani, anapita mbele ya muuza madafu bila kusimama, na jioni anafuturu kwa mihogo, magimbi na kunde za nazi. Mkristo anayefunga Kwaresma kwa dhati anaijua hali hiyo pia. Ramadhani ni ibada, wala haifai kuishusha iwe njia ya kupunguza tumbo. Lakini inathibitisha kwamba watu wa kawaida kabisa wanaweza kubadilisha ulaji wao mwezi mzima, na inaonyesha wanavyoweza. Saa ya kula na saa ya kutokula zinajulikana, kwa hiyo hakuna anayekaa kuamua upya kila mchana. Nyumba nzima inafunga, mtaa mzima unafunga, chungu kinachopikwa ni kimoja. Na kila anayefunga anajua kwa nini anafunga, kwa sababu iliyo moyoni mwake mwenyewe.

Miezi michache baadaye mtu huyo anaanza "kula vizuri" peke yake, bila saa maalumu, katika nyumba ambayo wengine wanakula chipsi, kwa lengo la kupungua kilo kumi kabla ya harusi ya ndugu. Akishindwa, nia yake haina kosa. Kilichokosekana ni kila kitu kilichokuwa kimeizunguka.

Hamasa ni nini hasa

Hamasa ni hisia, na kama hisia zote hupanda na kushuka. Hupanda hasa kwenye mwanzo mpya: mwaka mpya, siku ya kuzaliwa, kuhamia nyumba nyingine, siku daktari aliposema sukari imepanda. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, akiwamo Katy Milkman, walionyesha kwamba watu huelekea kwenye mazoezi na malengo yao mengine zaidi baada ya tarehe kama hizo, hata mwanzo wa wiki tu. Kwa hiyo moto wa Januari si unafiki. Ni wa kweli, ila ni wa muda.

Unashuka kwa sababu gharama ya kula vizuri na ya mazoezi hulipwa leo, na faida yake huja baadaye. Kuamka alfajiri ni leo. Kuchambua mchicha ni leo. Moyo wenye afya ukiwa na miaka 65 uko mbali sana kiasi kwamba akili haiuoni. Chipsi mayai ya kona ya mtaa inalipa papo hapo, kwa harufu kabla hujaionja. Binadamu wote hupima hivyo, waliosoma na wasiosoma, wanene na wembamba.

Hapo ndipo ulipo ushauri wangu mkubwa katika makala hii: itumie hamasa ikiwa bado ipo kwa kupanga, usiitumie kwa kujitesa. Wiki mbili za shauku zikiishia kwenye kushinda njaa na kukimbia hadi magoti yaume, zikiisha hakibaki kitu. Zikiishia kwenye kubadilisha kinachonunuliwa sokoni, kinachokaa jikoni na mtu unayetembea naye jioni, zikiisha mpangilio unabaki.

Damu hubadilika kabla ya kioo

Wengi huacha kwa sababu wanatafuta matokeo mahali ambapo yanachelewa. Wanatazama kioo na mizani. Kuna utafiti uliofanyika kwetu, mkoani Kilimanjaro, ambao kila anayekata tamaa baada ya wiki mbili angefaa kuujua.

Watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi wakishirikiana na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, waliwachukua wanaume 77 wenye afya njema, wengine wa vijijini, wengine wa mjini. Matokeo yalitoka kwenye jarida la Nature Medicine mwaka 2025. Watu wa kijijini waliozoea vyakula vya asili vya huko walipewa kwa wiki mbili ulaji wa kimagharibi, wenye vyakula vilivyosindikwa na vyenye nguvu (kalori) nyingi. Watu wa mjini walipewa ulaji wa asili: mboga za majani, matunda, jamii ya maharage, nafaka zisizokobolewa, vyakula vilivyochachushwa. Kundi jingine lilikunywa kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, cha jamii ya mbege, pombe ya asili ya Wachaga, kwa wiki moja.

Wiki mbili zilitosha. Damu za waliohamia ulaji wa kimagharibi zilionyesha protini nyingi zaidi zinazohusiana na inflamesheni, yaani ile hali ya kinga ya mwili kuwa kama imewaka wakati wote hata pasipokuwa na adui, na chembe zao za kinga hazikuvijibu vimelea vizuri kama awali. Waliohamia ulaji wa asili walielekea upande wa pili, inflamesheni ikapungua. Hata kundi la kinywaji cha ndizi lilionyesha nafuu ya aina hiyo, ingawa si sababu ya mtu kuanza pombe. Na wiki nne baadaye, baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo.

Inflamesheni ya muda mrefu inahusishwa na maradhi ya moyo, kisukari na mengineyo yanayotumaliza taratibu. Kwa hiyo unapokula maharage, mboga za majani na ndizi za kupika kwa siku kumi na nne na suruali bado inabana, usiseme hakuna kilichotokea. Kimetokea mahali ambapo jicho halifiki.

Habari hiyo ina ukali wake pia, kwa sababu safari ya upande wa pili ni ya wiki mbili vilevile. Kijana anayetoka kijijini Rombo, Kilimanjaro, akaja mjini akaanza kuishi kwa soda na mkate, mwili wake hausubiri mwaka.

Kwa nini mizani haimlipi anayetembea

Miongoni mwa Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, bado wapo wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kurina asali na kuchuma ubuyu na matunda ya porini. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu ambayo miili yao hutumia kwa siku nzima, wakitarajia ingezidi sana ile ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Matokeo yaliyotoka mwaka 2012 yaliwashangaza wenyewe: ukizingatia ukubwa wa mwili, tofauti haikuwapo. Wahadza hutembea kilomita nyingi kila siku, lakini mwili unaonekana kubana matumizi mahali pengine ili kufidia.

Naona utafiti huu ungewaokoa watu wengi na huzuni. Anayekimbia kila asubuhi kwa ajili ya mizani tu atavunjika moyo, kwa sababu mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo kuliko tunavyoahidiwa. Uzito hutegemea zaidi kinachoingia mdomoni. Lakini Wahadza hao hao, waliopimwa wakifanya shughuli za kutoa jasho zaidi ya saa moja kila siku, wana mioyo na mishipa mizuri mno hata uzeeni. Malipo ya mazoezi yako huko: kwenye moyo, kwenye shinikizo la damu, kwenye misuli inayonyonya sukari kutoka kwenye damu, kwenye usingizi, kwenye wasiwasi unaopungua. Kutembea hata kwa muda mfupi baada ya kula hushusha sukari inayopanda baada ya mlo, iwe umepungua gramu moja au hujapungua.

Ushahidi mmoja wa mapema wa jambo hili ulitoka ndani ya mabasi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza alichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walitoka katika maisha yanayofanana, wakafanya kazi kwenye gari moja. Mmoja alikaa siku nzima, mwingine alipanda mamia ya vidato vya ngazi kwa siku akikusanya nauli. Makondakta walipata maradhi ya moyo machache kuliko madereva. Hilo halikuhitaji jimu. Tofauti ilikuwa kwenye kazi.

Na hii inanifanya niseme jambo ambalo makala nyingi za afya hulipita. Mama anayelima kwa jembe la mkono, anayetwanga, anayebeba ndoo ya maji kichwani akipanda mlima, hahitaji kuambiwa akakimbie. Anahitaji chakula cha kutosha na mapumziko. Ushauri wa mazoezi ni wa sisi tunaokaa: karani, mwenye duka, dereva wa daladala, kijana wa bodaboda ambaye siku nzima yuko barabarani lakini miguu haifanyi kazi, mwalimu anayesahihisha madaftari hadi usiku.

Kwetu sisi, Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, kama kutembea kwa haraka, na angalau siku mbili za kazi ya kuimarisha misuli. Mwongozo wake wa 2020 uliacha sharti la zamani kwamba kila kipande kiwe angalau dakika kumi. Kila dakika inahesabika. Kushuka kituo kimoja kabla, kupanda ngazi, kuchuchumaa na kuinuka mara kadhaa ukisubiri maji yachemke, vyote vinaingia kwenye hesabu.

Asilia maana yake si kibichi, wala si cha bei mbaya

Mkanganyiko mkubwa upo hapa. Mtu anaamua kula vyakula vya asili, kisha anakwenda supamaketi kununua oti, mbegu za chia na mafuta ya zeituni. Fedha zinakwisha tarehe 15, na hamasa inakwisha nazo. Wakati huohuo sokoni kuna ulezi, mtama, choroko, mbaazi, dagaa, matembele, ubuyu na mapapai.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazil, wakiongozwa na Carlos Monteiro, walipendekeza mwaka 2009 kupanga vyakula kwa kiasi na lengo la usindikaji wake. Dagaa waliokaushwa juani wamesindikwa, unga wa dona umesindikwa, mtindi umesindikwa, na vyote ni vyakula vizuri. Tatizo ni kundi la mwisho, vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi: vile vinavyoundwa kiwandani kwa wanga, mafuta na sukari vilivyotengwa na chakula chake cha asili, vikatiwa rangi, ladha na viungo ambavyo hakuna jiko la nyumbani lililonavyo. Soda, soseji nyingi, biskuti, tambi za dakika mbili, vinywaji vya unga vyenye ladha ya embe bila embe.

Vyakula hivyo vina hila yao. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwaweka watu 20 chini ya uangalizi kwa wiki nne. Wiki mbili walikula vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki mbili visivyosindikwa, na waliambiwa wale watakavyo. Milo iliyowekwa mezani ililingana kwa nguvu, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi. Hata hivyo, katika wiki za vyakula vya kiwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku, na walikula kwa kasi kubwa zaidi. Wakaongezeka karibu kilo moja, na katika wiki za vyakula vya kawaida wakapungua karibu kiasi hicho hicho. Ni watu wale wale, wenye nia ile ile. Anayejilaumu kwamba hawezi kuacha pakiti ya biskuti ikiisha nusu, ajue kwamba wengi waliowekwa mbele ya vyakula vya aina hiyo hula zaidi bila kukusudia.

Chipsi za kibanda ziko mahali pa katikati. Kiazi ni kiazi, kimemenywa mbele yako. Shida ni mafuta yaliyokaangiwa tena na tena, chumvi, wingi wake, na kwamba kachumbari ikiwepo ni vijiko viwili. Mtu anayekula chipsi mara moja kwa wiki hana sababu ya kukesha na majuto.

Asilia pia si kinga ya kila kitu. Asali ni sukari, juisi ya miwa ni sukari, na ugali wa dona ukijaa sinia nzima utapandisha sukari ya mwenye kisukari. Mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri huota ukungu wenye sumukuvu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Punje zilizooza au zenye ukungu hazisafishwi kwa kuoshwa, zinatupwa.

Ikiwa kuna kitu kimoja ningependa kirudi kwenye meza zetu, ni dona. Kukoboa mahindi kupata sembe huondoa pumba na kiini, na pamoja navyo nyuzinyuzi, sehemu kubwa ya vitamini za kundi B na madini. Tunaipenda sembe kwa weupe, ulaini na heshima yake, kisha tunanunua nyuzinyuzi kwenye makopo. Madaktari Denis Burkitt na Hugh Trowell, waliofanya kazi miaka mingi Uganda katika Hospitali ya Mulago, ndio walioishawishi dunia kuhusu nyuzinyuzi, baada ya kuona maradhi ya utumbo yaliyojaa kwao Uingereza yalikuwa adimu kwa wagonjwa wa huku waliokula ndizi, maharage, viazi na nafaka nzima. Elimu hiyo ilitoka kwenye sahani zetu.

Jiko ndilo linaloamua

Mara nyingi mtu hashindwi mezani. Anashindwa saa moja jioni, amechoka, maharage hayajapikwa, mkaa umebaki kidogo, na kibanda cha chipsi kiko hatua ishirini. Kwa hiyo kazi ya kudumisha ulaji mzuri ni kazi ya jikoni, na mara nyingi inamwangukia mtu mmoja ambaye hakuulizwa.

Maharage yaloweke usiku kucha, maji uyamwage, uyapike mengi kwa mara moja. Mwenye friji ayagawe kwenye vikopo ayagandishe, kila siku anaunga kidogo kwa kitunguu, nyanya na nazi. Asiye na friji achague dengu au choroko, zinaiva haraka zaidi. Kisamvu kinauzwa kimeshatwangwa, kinachobaki ni kukichemsha vya kutosha. Mchicha na matembele vinaiva kwa dakika chache. Kinachokula muda ni kuchambua na kuosha, na hilo linaweza kufanywa na watoto mapema jioni. Dona linunuliwe kilo mbili tatu kwa mara, kwa sababu kiini kina mafuta na unga huchacha mapema kuliko sembe. Anayeona ladha yake ngeni achanganye nusu kwa nusu kwanza.

Ulimi nao una subira kuliko tunavyoudhania. Tafiti za miaka ya 1980 kuhusu chumvi zilionyesha kwamba watu wakipunguziwa chumvi, baada ya miezi miwili mitatu huanza kupendelea chakula chenye chumvi kidogo, na kile cha zamani huwa kikali kwao. Kiasi kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, vikiwemo vile vidonge vya mchuzi. Sukari kwenye chai ipunguzwe nusu kijiko, ukizoea upunguze tena. Na chakula kiwe kitamu. Mboga iliyochemshwa bila kitu huwafukuza watu. Karanga za kusaga, ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, nazi kiasi: mabibi zetu walikuwa navyo vyote.

Kosa kubwa kuliko yote nyumbani ni kupika vyungu viwili. Baba ameambiwa ana shinikizo la damu, basi anapikiwa "chakula cha mgonjwa", kisicho na chumvi wala ladha, huku watoto wanakula wali na kuku wa kukaanga mbele yake. Hakuna anayedumu hivyo. Na mama anayepika viwili atachoka kabla yake. Chakula kinachomfaa mwenye presha au kisukari kinawafaa wote nyumbani: mboga nyingi, maharage, samaki, wanga kiasi, chumvi kidogo. Kipikwe kimoja, kiliwe na wote. Baba naye ashike kisu amenye karoti.

"Umekonda, unaumwa?"

Ukipungua kilo nne kwetu, hupongezwi. Unaulizwa. Kuna kizazi kizima kilichoona miaka ya UKIMWI, ambapo kukonda kulikuwa habari ya msiba, na hofu hiyo haijatoka. Upande wa pili, kitambi cha mume ni sifa kwa mke, na "umenenepa, umependeza" ni baraka ya kweli inayotolewa kwa upendo. Mtu anaweza kushinda njaa na uvivu, lakini akashindwa na shangazi zake.

Usibishane nao. Wazee wanaposema hivyo wanauliza kama uko salama, basi wajibu hilo: "Niko mzima, shangazi, nimepima, damu iko vizuri, daktari ameniambia nipunguze sukari." Kauli ya daktari inaheshimiwa. Ugenini, soda ikiletwa, maji yanaombwa kwa adabu mapema kabla chupa haijafunguliwa, kwa sababu ikishafunguliwa kuikataa ni kumvunjia mwenyeji heshima. Kwenye harusi, jaza kachumbari na maharage kwanza, wali ufuate. Na mara nyingine kula pilau ya watu, ufurahi nao.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan, waliofanya kazi pamoja Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, wameeleza kwa miongo mingi kwamba ari hudumu pale mtu anapohisi uamuzi ni wake, anapoona anaweza, na anapokuwa na watu. Ndiyo maana jogging inayoimbwa hudumu kuliko mashine ya kukimbilia iliyowekwa sebuleni. Waliopita shuleni au Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wanaukumbuka mchakamchaka: miguu inakwenda na wimbo, na ukichoka safu inakubeba. Mwanamke anayeogopa barabara yenye giza alfajiri ana haki ya kuogopa; wawili watatu wanaotembea pamoja jioni wanatosha, na mazungumzo yao ndiyo malipo ya papo hapo ambayo mizani haitoi.

Saa, mahali, na siku uliyokosa

Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia Mjerumani, aliandika mwaka 1999 kuhusu tofauti kati ya kusema "nitafanya mazoezi" na kusema "nikimaliza kuswali alfajiri, nitavaa raba na kutembea hadi sokoni". Kauli ya pili hutekelezwa zaidi, kwa sababu imefungwa kwenye jambo ambalo tayari hutokea kila siku. Adhana, kengele ya kanisa, kumpeleka mtoto shule, kufunga duka: hizo ni nguzo za kufungia tabia mpya. "Chai ya saa nne nitakula embe au parachichi badala ya andazi" ni mpango. "Nitakula matunda zaidi" ni matumaini tu.

Inachukua muda gani hadi jambo liwe mazoea? Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliochagua kila mmoja tabia moja ndogo, kama kula tunda na chakula cha mchana au kukimbia dakika 15 kabla ya chakula cha jioni. Kwa wastani ilichukua siku 66, lakini wengine walitumia 18 tu na kwa wengine makadirio yalifika 254. Mazoezi yalichelewa kuliko mambo ya kula na kunywa. Anayekimbia mwezi mmoja na bado anaona uzito kuamka, hana kasoro; hajafika tu. Na kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa mazoea.

Maisha yetu yana siku nyingi za kukosa. Msiba unakuja, unalala matanga siku tatu ukila kinachopikwa. Mtoto anaugua. Unasafiri kwa basi kwa muda wa saa kumi na mbili na kituo cha kula kina kuku wa kukaanga na soda. Hayo si kuanguka, wala hayahitaji kusubiri Jumatatu ili uanze upya. Mlo unaofuata ukiwa nyumbani ni ule ule wa kawaida. Baada ya malaria au ugonjwa wowote wa homa, subiri homa iondoke na hamu ya kula irudi, uanze na matembezi mafupi, uongeze kadiri mwili unavyoruhusu.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze na daktari wake kabla ya kupunguza wanga au kuongeza mazoezi, kwa sababu dozi ya zamani inaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Apime mara nyingi zaidi wiki za mwanzo, atembee na kitu kitamu mfukoni, na amwambie anayetembea naye dalili ni zipi: kutetemeka, jasho la ghafla, kuchanganyikiwa. Na anayetumia dawa za presha asiziache kwa sababu tu anajisikia mwepesi. Akapimwe, daktari ndiye atakayesema kama ni wakati wa kupunguza.